Nyavu Zilizoanikwa Juu ya Mawe

Nyakwara, mjukuu wangu Atieno,

Sisi huku kisiwani Mfangano tuko salama, na ng'ombe amezaa. Usicheke barua hii: ndevu zangu ndiyo kwanza zinaanza kuota, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako, kwa hivyo nisalimie kwa heshima.

Unauliza kama mhubiri wenu wa Nairobi anasema kweli, kwamba nabii aliihukumu Kenya. Mimi nilimtangulia. Mwaka juzi, gugu maji lilipoziba ziwa upande wa Homa Bay, mimi msomi wa darasa la sita nilisoma katika Biblia habari za mji ambao Mungu angeubomoa, ubaki mwamba wa kuanikia nyavu. Nikatazama nje: nyavu zetu ziko juu ya mawe. Nikatangaza, "Ni sisi hawa."

Mama akauliza, "Sasa mahindi nipande?"

"Ya nini? Kabla ya mavuno Kenya itakuwa haipo."

Hakupanda. Mvua ikanyesha vizuri, majirani wakavuna, Kenya ikabaki pale pale. Njaa yetu siisimulii. Mama hakunigombeza. Alirudi na unga wa kuomba, akapika, akaniwekea sahani mbele ya wadogo zangu: "Nabii ale kwanza."

Nilikula, Atieno, wao wakinitazama.

Huyo mhubiri wenu, muulize kama mkewe amepanda.

Ni mimi babu yako, asiye na mvi.