Mkono Unaojua Rangi

Bweni, Madungu
2 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaikum, na shikamoo. Mimi sijambo, ila sina raha. Vipi goti lako? Na kuku wameacha kupekua bustani ya jirani? Simu zimekatazwa bwenini, ndiyo maana nampa Zulfiqar mwenye duka barua hii akija Wambaa.

Mama, kemia ya kwenye karatasi naiweza. Ya maabara inanishinda. Tunadondosha asidi kwenye maji ya manjano, na yakianza tu kuingia wekundu unafunga bomba la asidi hapo hapo. Mimi huo wekundu siuoni. Nikisikia wenzangu wanacheka najua nimeshapitiliza. Bila alama za vitendo sitapata kusomea ufamasia, nawe wajua nilivyoitaka kazi hiyo.

Lakini juzi nilipata sawasawa. Kitu kilinishika kifundo cha mkono, taratibu, nikafunga bomba. Nilidhani ni rafiki yangu Khatib, kumbe yeye alikuwa meza ya mwisho.

Mwanao,
Suhail

Wambaa
9 Septemba 2024

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Marahaba. Goti linauma, na kuku hawasikii kama wewe. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Mjomba wako Shaame hukumwahi. Na yeye alikuwa hapambanui karafuu mbichi na iliyopea. Zikipea huingia wekundu, yeye akaziona zote sawa. Alitukanwa sana. Halafu msimu mmoja akawa anateremsha zilizopea tupu, watu wakamsifu. Mimi dada yake aliniambia kuna mkono humshika akigusa mbichi. Siku moja nilikuwa chini ya mkarafuu naokota, nikamsikia juu: "Mwatima, mbona hauniwachi?" Akaanguka, akafa. Waliomwosha walisema kifundo chake kilikuwa na alama za vidole.

Naogopa, Suhail. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kwa mwalimu ukamwambie macho yako hayaoni hiyo rangi. Na mkono ukikushika, usiufuate.

Mamako

Bweni, Madungu
30 Septemba 2024

Mama yangu,

Asalaam alaikum, shikamoo. Natumai goti limepoa.

Nilimwambia mwalimu wetu wa kemia, Madamu Farzana. Akanionyesha picha za madoa ya rangi. Wenzangu walisoma namba ndani yake, mimi niliona madoa tu. Amesema ni macho, mtoto huyarithi kwa upande wa mama, wala si aibu wala si shetani. Ataomba siku ya mtihani mtu akae nami anitajie rangi. Nilifurahi sana.

Kisha nikafanya ulivyosema. Mkono uliponishika niliacha asidi iendelee kudondoka. Ukaniminya mpaka nikalia mbele ya darasa. Alama zipo bado, Khatib ameziona. Sasa bweni zima wananiita kipofu.

Mama, mkono huu haujakosea hata mara moja. Mtu wa kunitajia rangi simtaki tena. Nitaufuata siku ya mtihani tu, kisha basi. Nisamehe.

Mwanao,
Suhail

Wambaa
6 Oktoba 2024

Suhail mwanangu,

Salamu utazipata nikikuona. Hiyo "kisha basi" yako Shaame naye aliisema. Waache wakuite kipofu, bora kipofu niliye naye kuliko mwenye macho niliyemzika. Mkubali huyo mtu wa rangi. Siku ya mtihani nitakuja huko mjini Chake nikae nje ya geti la skuli, ukitoka tu unione. Nijibu upesi, nakuomba.

Mamako

Bweni, Madungu
13 Novemba 2024

Mwatima,

Salaam alaikum. U mzima? Mimi sasa ni mzima.

Mtihani umekwisha, na rangi zote tumezipata. Mtu aliyeletwa kututajia tulimwambia akapumzike.

Nilikuona getini. Umezeeka. Mtoto alitaka kukupungia, nikaushusha mkono.

Usije tena Chake, goti lako litazidi. Nasikia huko karafuu zimeshapea. Nakuja kuchuma, na safari hii sitaanguka.

Kakako