Redio Zilizotangulia Kibali

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea. Huku Rau tu wazima, ng'ombe amezaa jike, na bibi yako anauliza kama unakula.

Unataka kuanza kuuza hizo simu kabla kibali hakijatoka. Tangu nisome hayo nimeshindwa kutulia kitini.

Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara, nililetewa redio za mawasiliano za kuwauzia waongoza wageni mlimani. Moja ilibaki Dar kupimwa na watu wa serikali, ndipo nipewe kibali cha kuuza. Nilisubiri nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga, mwisho nikauza mbili. Mbili tu, nilijiambia.

Wiki hiyo nesi wa zahanati ya huku juu aliita gari kwa redio, limchukue mama mwenye uchungu. Wapagazi wakibishana kuhusu mizigo kwenye redio zangu, zilizoingia masafa yale yale ya zahanati, wakaifunika sauti yake. Gari lilichelewa. Mtoto alizaliwa barabarani, mzima, namshukuru Mungu.

Nilimpelekea baba wa mtoto jani la isale, kama tunavyoomba radhi sisi. Alilipokea, akaniuliza taratibu, "Kwani kule Dar walikuwa wanapima nini?"

Nilikuwa nimewapigia simu kila wiki, Neema. Nilichowauliza ni kibali kitatoka lini tu.

Babu yako