Kiti cha Nane, Safu ya Kumi na Nne

Barabara ya Mountain,
North End, Winnipeg,
21 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Myron,

Salamu kwanza, mengine baadaye. U hali gani huko Toronto, na lile goti lako linasemaje na baridi hii? Wanao hawajambo? Sisi hapa tupo, tunazikokota siku. Shemeji yako Halya ni mzima na bado ananifukuzia mlangoni na kofia kama mtoto wa shule. Mimi mgongo unaniuma asubuhi na jioni. Mchana unanihurumia kidogo. Theluji imeshaanguka na gari nimeanza kulichomeka kwenye umeme lisigande. Dada Stefka yupo. Habari zake ni ndefu na ndizo zilizonishikisha kalamu, kwa hiyo tafadhali usiruke kurasa.

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikitaja jina la dada unasema una mtu mlangoni. Barua huwezi kuikata.

Najua fainali ya Jumapili ya mpira wetu wa Kikanada, ule wa kukimbia nao mikononi, uliiona. Haya, cheka umalize. Mara ya tatu mfululizo, Myron! Mwaka juzi nyie Toronto mlitutoa kwa pointi moja, mwaka jana Montreal, na sasa nyie tena, tena mkiwa na mrusha mpira wa akiba kwa sababu wenu wa kwanza kavunjika mguu. Arobaini na moja kwa ishirini na nne. Wetu aliumia kidole, akafungwa bandeji, akarudi uwanjani, na mipira yake ikawa inaangukia mikononi mwenu kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilikasirika robo ya tatu. Robo ya nne hata hasira sikuwa nayo. Nilikaa tu nikala pirogi zangu za viazi zilizopoa.

Tulitazama nyumbani kwa dada, kama kawaida. Alikuja pia Gaétan, yule fundi wa kuchomelea anayekaa safu ya nyuma yetu uwanjani, kaleta ndoo nzima ya kuku na mchuzi wa asali. Mtu huyu ana mdomo! Tulipofungwa mara ya pili akanigeukia: "Orest, toka nje bwana. Wewe ni nuksi. Kila ukikaa, wanapigwa." Nikatoka kweli, mtu mzima wa miaka sabini na moja, nikaparua theluji ya ngazi zote za mbele. Niliporudi tumefungwa tena. Gaétan akasema, "Si ulikwenda karibu mno! Fika hata mkoa wa Saskatchewan." Halya alicheka mpaka akamwaga chai.

Ukiniuliza maoni yangu, na najua hukuuliza, timu yetu imezoea kufika tu. Kufika fainali kumekuwa kazi yao, kushinda wamewaachia wengine. Una majaribio matatu tu ya kusogeza mpira, si manne kama kwa Wamarekani, na kocha wetu la tatu analiogopa kama maji ya baridi. Piga mpira mbali, subiri, omba Mungu. Mimi naweza kuomba Mungu nikiwa nyumbani, silazimiki kulipia maegesho.

Hoki nayo ndiyo kabisa sitaki kusikia. Watu hapa wamepagawa kwa sababu vijana wa barafuni wameshinda mechi kumi na tano katika kumi na sita za mwanzo. Mjini kila mtu kavaa jezi, hata daktari wa meno. Mimi nawaambia ngojeni Aprili, mechi za mtoano. Aprili iliyopita si tulivaa nyeupe sote, uwanja mzima mweupe, tukapiga kelele mpaka koo zikakauka? Colorado wakatutoa mechi tano tu. Mvua ya magoli! Juzi juzi Florida wametupiga tano bila, nikamwambia Halya, hayo, yameanza. Juzi Jumanne tukawarudishia sita, akanikodolea macho. Nikamwambia hiyo ni Novemba. Novemba kila mtu ni bingwa.

Halya anasema nimekuwa mzee wa kununa. Si kununa. Mtu aliyewahi kuona timu yake inapakiwa kwenye malori na kwenda kwenye jangwa la Arizona hafurahii haraka. Wewe unajua. Ilikuwa mwaka uleule wa tisini na sita ulipoondoka na wewe. Dada alikuwa akisema msimu mmoja umemchukulia timu na mdogo wake.

Sasa nimefika kwake. Moyo wa dada umechoka, Myron. Sisemi kwa mafumbo, ndivyo alivyosema daktari, binti mmoja mpole wa Kifilipino, akaongeza kwamba tuhesabu miezi. Ana miaka themanini na minne. Ngazi hapandi tena, kitanda tumekishusha sebuleni. Jumapili alikuwa kalala huku redio ya mkono iko sikioni ingawa televisheni iko mbele yake, maana anasema watangazaji wa televisheni ni waongo. Tulipofungwa alizima redio, akasema, "Basi. Asiyekubali kushindwa si mshindani," akafumba macho. Nilidhani amelala.

Jumatatu asubuhi aliniita nimletee karatasi ya tiketi za msimu ujao. Siku hizi watu wote wanafanya mambo hayo kwenye simu, lakini dada hana simu hiyo, na binti mmoja wa ofisini bado anamtumia fomu kwa posta. Unajua tangu zamani fomu ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa akiijaza jikoni, anaikunja, anaipeleka posta mwenyewe, hata miaka ile alipokuwa anatoka kiwandani kushona makoti na vidole vimevimba. Safari hii mkono unatetemeka. Akasema, "Nijazie, mimi nitie sahihi."

Myron, nimekaa pembeni ya kiti cha dada yetu uwanjani miaka ishirini na minane. Katika uwanja wa zamani, na tulipohamia huu mpya akagombana na watu wa ofisi mpaka wakatupa safu ileile ya kumi na nne, viti vilevile, saba na nane. Nimemwendesha kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nimembebea blanketi na chupa ya supu ya bitiruti. Nimetukanwa na Gaétan kwa ajili yake. Hata miaka hii miwili ambayo yeye hawezi kwenda, nimekwenda na Halya, anafuma soksi mchezo mzima na kuniuliza kama tumeshinda. Kile cha nane kina mto nilioushona mimi mwenyewe.

Nikafungua fomu, majina ya msimu uliopita yamechapwa tayari. Kiti cha saba: Stefania Hrycak. Kiti cha nane: Myron Hrycak.

Nikasoma mara ya pili, nikavaa miwani nyingine. Nikaenda kwenye droo yake ya jikoni, najua nilikosea, lakini nilikwenda, na nikakuta nakala zote zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Kila mwaka, tangu mwaka ulipoondoka. Jina lako, kwa mwandiko wake. Jina langu halimo hata mara moja.

Nitakuambia ukweli kwa sababu nimechoka kuficha mambo katika ukoo huu. Niliumia. Nilikuchukia kwa muda wa kama nusu saa. Nilisimama pale jikoni nikajiambia, mimi ndiye niliyebaki, mimi ninayeparua theluji yake, mimi ninayempeleka hospitali, na bado nimekalia kiti cha mtu. Nikarudi sebuleni nikamwonyesha karatasi.

"Stefka, hiki kiti ni cha nani?"

"Si unasoma? Cha Myron."

"Na mimi je? Miaka yote hii nilikuwa nani pale?"

Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tulipokosea hesabu, baada ya mama kufa, yeye akiwa mama na sisi watoto wake. Akasema, "Ulikuwa unamshikia. Wewe upo, Orest. Mtu aliyepo haandikiwi kiti."

Nilikwenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka.

Unakumbuka mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa tulipochukua kombe, baada ya miaka ishirini na tisa ya ukame? Mtaa mzima ulilia, Gaétan alipiga magoti kwenye theluji. Dada hakutoka nje. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na simu ya ukutani, na alikaa pale mpaka tulipomaliza kula. Nilidhani miguu inamuuma. Sasa najua alikuwa anangoja nini. Nawe hukupiga.

Sikulaumu wewe peke yako. Ule usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka tisini na tisa tulikosa sote. Meza ina vyakula kumi na viwili, ngano yenye asali iko katikati, na kile kiti kitupu tunachowaachia marehemu na walio mbali, halafu wewe unaingia umevaa jezi ya hoki ya Toronto! Najua ulifanya utani. Ulitaka tucheke. Lakini ndugu yangu, timu yetu ilikuwa na miaka mitatu tangu iondoke, hapa tulikuwa bado tumefiwa. Na dada akakuambia aliyevaa jezi hiyo hali chakula kwenye meza hii. Ukamtazama, ukachukua koti, ukatoka.

Mimi nilicheka. Ndilo jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilidhani mnataniana, nikacheka kwa sauti, na ulipofungua mlango nilikuwa bado natafuna. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Ningesimama tu, ningekuzuia, na miaka hii ishirini na mitano isingekuwepo. Labda ndiyo maana dada aliniweka kwenye kiti chako. Nikae nikifikirie, hata kama nilichelewa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Watu wamelima kutosha juu ya jezi moja. Inatosha.

Fomu inatakiwa ofisini mwisho wa mwezi huu. Nilimuuliza dada kama tuache kulipia kiti kimoja, maana yeye hatakwenda tena na anajua. Akasema nikiache cha saba. Kiti chake mwenyewe, Myron! Akasema cha nane kisiguswe. Basi jana nimekijaza cha nane kwa jina lako, kwa mwandiko wangu huu mbaya, yeye akatia sahihi, na leo fomu nimeipeleka posta.

Mechi za msimu ujao zinaanza Juni. Daktari hakunihesabia mpaka Juni. Kwa hiyo sikuiti uwanjani, nakuita mezani. Kanisa limeuhamishia mkesha wa Krismasi Desemba, kwa kalenda mpya, lakini dada amesema yeye hahami, wa kwake ni tarehe sita Januari kama wa mama. Ndege ni saa mbili na nusu tu kutoka huko. Gari litakuwa limechomekwa umeme, nitakufuata uwanja wa ndege wakati wowote.

Nilimuuliza jana, kwa kuzungukazunguka, je, akitokea mtu amevaa nguo ya Toronto siku hiyo itakuwaje? Hakufumbua macho. Akasema, "Mwambie aje nayo. Nitalala nayo miguuni, nasikia baridi."

Wasalimie wanao, Adrian na Larissa, waambie shangazi yao amewawekea soksi jozi mbili mbili. Halya anakusalimu na anakuuliza kama bado unakula vitunguu vingi. Gaétan anakusalimu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mungu akulinde barabarani na angani, na atupe sote muda ule mdogo tunaouhitaji.

Mwaka huu kile kiti kitupu cha mezani sitaki kukiona kitupu. Na nimeshachagua pa kukaa. Nitakaa karibu na mlango.

Wako akupendaye, anayekushikia kiti,

Kaka yako Orest.