Kibiongo Nyuma ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi 2003
Nimefuta vioo vya chumba cha Warumi hapa makumbusho kama kawaida. Mimba ya miezi sita, kiuno kinaniuma. Kibiongo wa shaba yumo kabatini mwake, urefu wa kidole, nundu kubwa kuliko kichwa. Kila asubuhi humchekea. Leo nimechoka hata kucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Skani. Mpimaji akamwita mwenzake. Uti wa mgongo wa mtoto umepinda. Kiasi gani, hawajui mpaka azaliwe. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Mavyaa kasikia ya skani kwa Hamadi mwanawe, kapiga simu kutoka Pemba. "Mwanangu, ulitazama nini?" Kwetu mwenye mimba hamkodolei macho kilema; mtoto huchukua sura. Najua nilichotazama. Hamadi sijamwambia habari ya kibiongo. Mume wangu, na namficha.

Jumatano, 12 Machi
Kile kioo nimekifuta kwa kupapasa, macho chini. Grace, msimamizi wetu Mkenya, kaniona. "Wewe, hicho kioo unakiosha ama unakitafuta?" Nikalia. Nikamweleza. Hakucheka. Akanisomea kibao cha maelezo: Warumi waliweka visanamu vya vibiongo majumbani kuzuia kijicho. Hasidi akiona, acheke, husuda imtoke.
Nikapumua. Doa la wanja tunalowapaka watoto wetu, kazi ni ileile. Baadaye, kwenye treni ya kurudi nyumbani Barking, nikakasirika. Yule mwenye mgongo ule alikuwa mtu. Achekwe yeye, zisalimike nyumba za wengine?

Jumanne, 3 Juni
Kazaliwa. Rahma. Mgongo umepinda kweli. Atavaa kifaa cha kuunyoosha, miaka. Nimemuuliza daktari kama ni macho yangu. Hapana, kasema, mfupa ulijiumba hivyo wiki za mwanzo. Nimeamini nusu.
Naogopa watakavyomtazama kwenye basi. Naogopa skuli. Najiogopa mimi: nilimtazama mgongo kabla ya uso.

Jumatatu, 14 Julai
Arubaini imekwisha. Mavyaa anataka nimpake doa kubwa la wanja kipajini, aonekane mbaya, jicho lisimpate. Nimemwambia kwa upole, hapana mavyaa. Huyu hapakwi ubaya.
Mchana nikaenda naye kazini, kutembea tu. Nikasimama mbele ya kabati. Mwaka mzima sijawahi kumtazama kibiongo uso. Ana mikunjo kipajini, kama mtu anayesikiliza.
Rahma kalala begani. Kioo kilikuwa na alama za vidole. Nikazifuta kwa ncha ya mtandio.