Nyundo ya Baba Yako

Graciete mwanangu,

Nimekwenda kumweleza daktari ya leo. Baba yako kalala kwenye kochi. Steki mpya ziko kwenye friji. Katakata saumu, uipigilie kwenye nyama kwa ngumi, tia chumvi, kaanga haraka kwa moto mkali. Mikate ichovye kwenye mafuta yale yale. Haradali usisahau.

Nyama ya asubuhi nimeitupa. Nilimwambia, “Belmiro, leo tule prego, anza kupigilia saumu.” Unamjua, kwa kuwa kwa Kireno prego ni huo mkate wa steki na pia ni msumari, miaka yote hunitania, “Nilete nyundo?” Leo kaileta kweli, na misumari. Kaigongomea steki kwenye ubao wa kukatia, misumari sita! Nikacheka hadi machozi. “Mzee wewe, na utani wako!” Akanitazama tu. “Si ndivyo ulivyosema?”

Sijui nifanyeje, mwanangu. Nyundo nimeificha ~~chini ya kitanda~~ hapana, ninayo kwenye mkoba, natembea nayo mjini kama fundi.

Akiamka ataitafuta. ~~Mwambie ukweli.~~ Usimwambie kitu. Msaidie kuitafuta.

Mama