Seli za Mapafuni Sikuziua Mimi

Jumatano. Mvua haikunyesha, jua nalo halikutoka. Joto tu la kunata, na roho imeninyong'onyea.

Leo nimeibiwa mchana kweupe, nami nimeshika birika la chai.

Mimi ni fundi maabara hapa Bagamoyo. Mwaka jana nilipewa kazi ya kupima jinsi seli za kinga za panya zinavyomeza seli zilizokufa. Mwilini seli hufa kila siku, lazima ziwepo za kuziondoa. Nikachukua za tumboni na za mapafuni, nikazilisha seli zilizokufa kwa kiasi kilekile. Za tumboni zilifakamia. Za mapafuni zilionja mojamoja, nyingi hazikugusa kitu.

Nikampelekea matokeo, pamoja na picha nilizozipiga kwa hadubini, mkuu wangu, ambaye sote twamwita Daktari. Hakuketi hata kitini.

"Seli za kinga ni seli za kinga, Mwanahawa. Hizo za mapafuni umeziua wewe wakati wa kuziosha."

Nikarudia kipimo mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Mara ya tatu akaniondoa kwenye hadubini, akanipeleka kuosha vizimba vya panya.

Miezi sita sasa nanuka mikojo ya panya.

Leo wamekuja wageni wa siku mbili kusikiliza utafiti wetu. Daktari akasimama mbele yao. "Tumegundua kwamba seli hizi hazilingani ulaji. Inategemea zinaishi kiungo gani." Ukutani zikatokea picha zangu. Zangu! Ya pili ina hata ule mkwaruzo wa kioo nilichokidondosha kwa mkono wangu.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akanigeukia nilipokuwa nammiminia chai. "Na wewe mwanangu, kazi yako nini hapa?"

Daktari akanikazia macho.

"Naosha vizimba," nikasema.

Basi. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka.

Nimefika nyumbani Kaole nikamsimulia mama huku nalia, namlaani Daktari. Akaniacha nimalize. "Ulipoulizwa, mwanangu, ulisema?"

"Sikusema, mama."

"Basi usimlaani peke yake."

Kauli hiyo imenichoma kuliko picha zile ukutani. Nilijua ninachokijua, nikakimeza kwa kuogopa kufukuzwa, na sasa naona haya hata kukiandika.

Kesho asubuhi, wageni wakiwa bado wapo, nitasimama niseme picha zile alipiga nani. Sauti itatetemeka, najua.

Na itetemeke.