Usimchinje, Ndivyo Alivyo

Kijijini, nyuma ya Ilagala
Jumatano, mvua inanyesha

Kwa mdogo wangu Zaituni, mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Mwandiga,

Pokea salamu za kaka yako. U hali gani? Lile jino limeng'oka au bado unalibembeleza? Na shemeji yangu, mumeo, mgongo unaendeleaje, na bado anausingizia kila ukimwambia apasue kuni? Kama nyote mu wazima, nashukuru. Mimi ukiniuliza, sasa ni mtu mkubwa. Nina nyumba ya bati, bati jipya, linang'aa mpaka ndege wanalikwepa. Nina cheo hapa kijijini. Na nina watu wanne wanaonifuata tangu asubuhi, nikikaa wanakaa, nikisimama wanasimama, wote wamevaa suruali ndefu.

Haya, tua hilo sinia la maandazi usije ukayamwaga, maana nakujua, umeshaanza kuita majirani. Bati ni la banda la kuku. Mimi nalala chini ya nyasi, na zinavuja palepale ninapolaza kichwa. Cheo ni cha kufagia kinyesi. Na hao watu wanne walikuwa kuku, na leo ninavyoandika si wanne tena, yuko mmoja. Huyo mmoja ndiye anayenifanya nikuandikie, kwa hiyo soma polepole mpaka mwisho, usiruke kama ulivyokuwa ukiruka mistari chuoni.

Mwandiko usiucheke. Nimeupata hapa, kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya mwalimu ambaye ndevu hazijamwota. Ananiambia, "Mzee Sudi, herufi zako zinalewa." Nikamjibu zimemwiga mwenyewe alivyokuwa ujanani.

Unajua nilikuja huku kwa sababu ya mwanangu Juma. Aligawiwa shamba katika kijiji cha ujamaa, akasema, "Baba, njoo tukae pamoja." Nikaja. Hatukumaliza hata msimu mmoja, akasikia habari za reli mpya inayojengwa kusini, akaondoka kwenda kuchimba udongo. Tangu hapo sijapata neno lake. Nimebaki mimi na nyumba yake na mguu wangu huu uliovimba. Na kijijini mtu haondoki hivi hivi, Zaituni. Lazima Mwenyekiti akuandikie barua. Ukifika mwaloni Ilagala kupanda mtumbwi huna barua, mgambo anakurudisha, na mimi sina mguu wa kurudishwa.

Sasa nikueleze kuku.

Siku moja lilikuja lori la bwana mifugo na tenga kubwa. Tukaitwa mkutanoni wote. Akafungua tenga, akatoka jogoo, na nyuma yake majike watatu. Zaituni, hujaona! Ukubwa wa mtoto anayetambaa. Manyoya mengi, laini, yamejaa pande zote kama mto wa kulalia uliopasuka. Yanashuka mapajani, yanashuka miguuni, yanafunika mpaka vidole. Nikacheka peke yangu kwenye mkutano mzima. Mwenyekiti akanitazama.

"Mzee Sudi, unacheka nini?"

"Nacheka suruali, Mwenyekiti. Mimi sina, kuku anayo."

"Vizuri. Shambani huwezi kwenda, mguu mbovu. Mdomo mzima. Hao kuku utawafuga wewe."

Ndivyo nilivyopata cheo.

Yule jogoo nikampa jina Bwana Shauri, kwa sababu alitembea kama mabwana shauri wa wakati ule wa Waingereza, tumbo mbele, anatazama tu, hafanyi kazi. Nilidhani jitu kubwa hivi litakuwa na ukali. Wapi! Kijogoo cha kienyeji cha Mama Bukuru, jirani yangu, kidogo kama ngumi, kilimjia siku ya kwanza kikampiga mbele ya wake zake. Bwana Shauri alisimama akapigwa, kisha akasogea pembeni kama mtu aliyesahau alichofuata. Mama Bukuru akacheka mpaka akashika ukuta. "Ewe mzee, huyu wako ni dume kweli, au wamekuletea blanketi?"

Hakimbii. Haruki, hata juu ya jiwe. Ukimwendea anakungoja, ukimbeba anafumba macho na kulegea mkononi, anakuwa mzito kama mtoto aliyeshiba. Kuku wetu ukimshika anakupigia kelele mtaa mzima ujue. Huyu ananyamaza. Kuwika kwake ni kama mzee anayekohoa kabla ya kusema. Jua likiwaka anakaa kivulini, mdomo wazi, mabawa yameachana. Mvua ikija hajui kukimbilia ndani. Anasimama katikati ya uwanja akilowa, manyoya yanakuwa kama sufu, tope linagandia kwenye hizo suruali, na mimi mzee mzima natoka na mguu wangu kumbeba, namkausha mbele ya moto, namchambua vidole kimoja kimoja. Mkono uliokataa kumwosha Juma alipokuwa mchanga, leo unamwosha kuku miguu. Cheka, una haki.

Na majike wake wana ugonjwa wa kuatamia. Wanaatamia yai, wanaatamia jiwe, wanaatamia magunzi ya mahindi. Nilivua kofia yangu nikaiweka chini kutawadha, niliporudi mmoja ameshaikalia, ananitazama kwa upole kama ananiuliza nimefuata nini. Nikaenda kuswali kichwa wazi. Ila kwa uzito wao, vifaranga vikitoka wanavikanyaga, na hawajui kama wamekanyaga. Kwa hiyo nikafanya kama tufanyavyo huko nyumbani, nikampelekea Mama Bukuru mayai ayaweke chini ya kuku wake koo, mdogo, wa kienyeji. Vikatoka vifaranga vya ajabu, vidogo, vyenye manyoya mpaka kwenye kucha.

Mwenyekiti alipoviona akaja mwenyewe bandani. Akaniambia, "Mzee, hawa wakikua, wakijaa tenga, utawapeleka Kigoma mjini kwenye maonyesho. Wewe mwenyewe. Barua nitakuandikia." Nikaitika, "Ndiyo, Mwenyekiti," sauti ndogo, ya mtu mtiifu. Kumbe moyoni nimeshapanda mtumbwi. Kutoka Kigoma mpaka kwako Ujiji ningekuja hata kwa makalio. Na nisingerudi, Zaituni. Mtumbwi ungerudi na tenga tupu. Neno hilo sikumwambia mtu, nilimwambia Bwana Shauri, naye akafumba macho.

Nilishaanza kuhesabu nitakachokula kwako kwanza. Migebuka ya mawese, halafu nigombane na wewe kidogo, halafu nilale.

Kisha ukaja mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Ulianzia nyumba za juu, kwa kuku walioletwa na wageni. Asubuhi kuku mzima, jioni anazungusha shingo. Vifaranga vyangu kwa Mama Bukuru ndivyo vilivyotangulia. Alinijia navyo kwenye ungo, havikubaki hata viwili vya kusaidiana.

Sasa unajua desturi yetu mdondo ukiingia. Hungoji kuku afe ukala mzoga. Ukimwona amenyong'onyea, manyoya yamemvimba, anasinzia mchana, ukimshika hakimbii, basi huyo ameshaondoka, unamchinja upesi apate kuliwa. Na hapa Waha wengi ni Wakristo, Waislamu ni wachache, wamezoea kuniita mimi nichinje ili kila mtu ale bila kuuliza. Nilichinja kutwa. Watu wamepanga mstari, kila mmoja na kuku wake kwapani. Kijogoo cha Mama Bukuru nilikichinja mimi. Hata siku hiyo kilinidonoa kwanza.

Alasiri Mwenyekiti akasimama mbele ya banda langu la bati na watu nyuma yake.

"Mzee Sudi, na hawa?"

"Hawa wazima."

"Wazima? Tazama." Akaingia, akambeba Bwana Shauri kwa mikono miwili. Akamwinua watu wamwone. Manyoya yamevimba. Mdomo wazi, maana kulikuwa na jua. Macho yamefumba. Hata bawa hakupiga.

Nikasema, "Mwenyekiti, huyo ndivyo alivyo! Kila siku ndivyo alivyo! Hivyo ndivyo alivyoteremka kwenye lori!"

Wakacheka. Niliwaapia, wakazidi kucheka. Mmoja akasema, "Mzee, si wewe uliyetuambia bwana mifugo kaleta kondoo wanaotaga?" Mwingine, "Si wewe uliyemwona mamba wa Malagarasi amevaa kofia?" Mwenyekiti naye akawa na huruma, hilo nitamwandikia kwa haki. Akaniambia polepole, "Mzee wangu, umewapenda, tunajua. Lakini akifa usiku atakuwa hasara kwa kijiji. Chinja sasa hivi watu wale."

Zaituni, ningekataa, angechinja mwingine vibaya. Nikachukua kisu. Nikamlaza Bwana Shauri, naye akalala. Nilipomshika kichwa akafumba macho kama kila siku nikimpeleka ndani. Nikasoma bismillahi nikachinja. Majike wawili wakafuata, wapole vilevile.

Mama Bukuru ndiye aliyempasua. Kuku wa mdondo ndani hana kitu, unajua. Huyu kifuko cha shingoni kilikuwa kimejaa mahindi, makavu, mazuri, yale niliyomlisha asubuhi kwenye kiganja changu. Maini safi, yanang'aa. Watu wote wakayaona.

"Mzee," Mama Bukuru akasema, "alikuwa mzima."

"Nilisema."

Mwenyekiti akatazama chini, akatazama mlimani, mwisho akasema, "Haya, yamekwisha. Tieni chumvi." Nao wakala. Mimi nikaletewa paja, la heshima. Nilimpa mbwa.

Ila kabla hawajaondoka Mwenyekiti aliuliza, "Walikuja wanne. Wa nne yuko wapi?" Nikamjibu bila kupepesa, "Alikufa jana, nimemzika." Akaamini. Wote wakaamini mara moja. Wa nne alikuwa chini ya kitanda changu, anaatamia magunzi, kimya, kama wafanyavyo.

Mambo ndiyo hayo. Maonyesho hakuna tena, barua hakuna. Nilipomuuliza Mwenyekiti, akaniambia bwana mifugo ataleta kuku wengine. Lini? Wataletwa. Mvua imeshakata barabara, na lori halijaonekana tangu wakati ule. Mguu umepanda uvimbe mpaka gotini, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kikohozi sitakisema. Nakuandikia kweli, na ujue nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika mstari huu, mimi Ujiji sitaiona. Usije ukapeleka mtu kwa Mwenyekiti kuniombea, na usilie mbele ya watoto, uso wako ukilia unatisha.

Huyo kuku wa chini ya kitanda ndiye atakayekuja. Hapa hakuna jogoo aliyebaki kijiji kizima, na wakimgundua watamchinja yeye na kunizomea mimi. Anakuja na barua hii. Analetwa na mkwe wa Mama Bukuru, kijana Nzeye anayefuata dagaa. Yeye ana barua yake ya kusafiria, na kuku haulizwi barua. Anajua kukaa kwenye tenga bila kutoa sauti, mgambo watadhani ni furushi la pamba.

Msikilize kaka yako. Ukimkuta amevimba, ni unene wa manyoya. Akifumba macho, amekuamini. Jua likiwa kali mwekee maji kivulini. Akilowa, mkaushe miguu. Mtoe kwenye kiota kila siku kwa mikono ale, mwenyewe atasahau. Akitaga, mayai yake wekea koo mwingine. Mtafutie jogoo mpole, siyo yule wa kwenu anayepiga teke mbuzi. Na usimwonyeshe mtu barua hii, wala bibi yule wa nyumba ya pili anayesoma kwa sauti.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Nisalimie mwanao fundi cherehani, mwambie kanzu aliyonishonea bado inanibana kwapani. Msalimie binamu yetu mwadhini, mwambie huku hatumsikii, apaze kidogo. Na mama mkwe wa Juma, ukimwona, mwulize kama mwanawe, mke wa Juma, amepata habari yoyote ya huko relini, uniandikie hata kama ni mbaya.

Sasa deni langu. Siku niliyoondoka Ujiji ulisema utanisindikiza mwaloni. Nikakaa juu ya mzigo wangu nikikutazamia mpaka wakasukuma mtumbwi, kumbe bibi wewe uko kwa jirani unanyonyoa kuku wa arusi. Safari ile ya mwaloni hujanilipa mpaka leo. Nilipe sasa. Mtumbwi wa Ilagala ukifika, usimtume mtoto, nenda mwenyewe, usimame mbele, upokee tenga kwa mikono yako, useme kwa sauti kama ulivyozoea, "Umechelewa, mwanaharamu wee." Halafu mbebe mpaka nyumbani. Hatakusumbua njiani, atalala mkononi. Na Zaituni, kwa kuwa atanyamaza hivyo, usichukue kisu.

Ni mimi kaka yako,
Sudi